Heliamu ya MRI inashuka na kompresa inazima umeme ukikatika: nianzie wapi?

Fundi_Fumba

Assalaam aleykum wataalamu. Nina MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ya tesla 1.5 hapa Unguja. Tangi la sumaku ni la lita 1,700, koldihedi (kichwa cha kupozea sumaku) ni ya ngazi mbili, kompresa ya heliamu inapozwa kwa maji, na chila (mashine ya kupoza maji hayo) imefungwa nje, ukuta unaoelekea baharini. Kiwango cha heliamu kilikuwa kimetulia muda mrefu. Sasa kwa wiki 6 kimeshuka kutoka asilimia 82 hadi 71.

Niliyoyaona mpaka sasa: kompresa inazima yenyewe na alamu ni joto la maji, hasa umeme ukikatika na kurudi. Ikiwa imesimama, geji yake inasoma MPa 1.45, ilhali kibandiko kinataka 1.60 kwa nyuzi 20. Presha ya tangi la sumaku inapanda kisha inarudi. Mapezi ya chila, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, yameliwa na chumvi.

Ofisi inataka tuagize heliamu kimiminika lita 250 tujaze yaishe. Na kuna muuza maputo ya harusi ana mitungi ya heliamu, anasema naweza kuongeza ile ya kompresa kwake. Nianzie wapi?

Kipima_Joto

Waaleykum salaam. Heliamu iagize mwisho, si mwanzo. Kujaza tangi na chila ikiwa katika hali hiyo ni kutia maji kwenye pakacha.

Sumaku nzima ya aina hii haili heliamu. Kimiminika kinakaa kelvini 4.2, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri, na mvuke unaopanda hugandishwa na ngazi ya pili ya koldihedi ukarudi chini matone. Ngazi ya kwanza inapoza ngao kwenye kelvini 40 hadi 50 hivi. Koldihedi ikisimama hutokea mambo mawili kwa pamoja: hakuna tena kinachogeuza mvuke, na ile koldihedi yenyewe inakuwa njia ya joto kutoka chumbani kuingia ndani. Kila wati 1 inayoingia inachemsha lita 1.4 kwa saa.

Sasa fanya hesabu yako. Asilimia 11 ya lita 1,700 ni lita 187. Tukichukulia wati 2 wakati koldihedi imelala, ni lita 2.8 kwa saa, kwa hiyo lita 187 ni saa 67 za kusimama. Wiki 6 zina saa 1,008. Fungua mlango wa kompresa usome mita ya saa, ulinganishe na usomaji wa wiki 6 nyuma. Ikiwa imetembea saa 940 au karibu na hapo, sumaku yako haina ugonjwa wowote, ugonjwa uko upande wa maji na umeme. Ikiwa imetembea saa zote 1,008 na heliamu imeshuka vilevile, hapo ndipo uanze kushuku koldihedi kuchoka, au vali ya usalama inayovuja.

Baada ya mita, pima maji: mtiririko, joto la kuingia, joto la kutoka. Kompresa ya namna hiyo inatupa joto la kilowati 7 hivi kwenye maji. Kwa lita 8 kwa dakika maji yatapanda nyuzi 12 na nusu. Kwa lita 4 yatapanda 25. Maji yakiingia na nyuzi 20 yatatoka na 45, na mafuta ya kompresa yatakuwa juu zaidi ya hapo. Huna haja ya kutafuta alamu imetoka wapi.

Utuandikie namba hizo kabla ya kufungua kitu chochote.

Bi_Kelvini

Nakubaliana na Kipima_Joto, ila asilimia 11 si lazima ziwe lita 187. Tangi limezunguka tundu la mgonjwa, umbo lake ni kama pete nene, kwa hiyo asilimia moja ya kati na asilimia moja ya juu hazina lita sawa. Kwenye kitabu cha sumaku kuna jedwali la asilimia kwa lita, litumie hilo.

Mimi nakujibu la geji, maana hapo ndipo watu huharibu mashine ya fedha nyingi kwa mtungi wa fedha kidogo.

Kwanza elewa kuwa heliamu ya kompresa na heliamu ya tangi hazikutani. Ya kompresa ni gesi inayozunguka kwenye mabomba mawili ya chuma yanayopindika, inakwenda koldihedi na presha kubwa, inatanuka, inarudi na presha ndogo. Geji ya kompresa kushuka hakuna uhusiano na asilimia 71. Ni uvujaji mwengine, na kwa kawaida uko kwenye mipira ya kuzibia ya viungo vya mabomba hayo.

Gesi ya maputo usiiguse. Ile haina haja ya kuwa safi. Yako inatakiwa asilimia 99.999. Hewa na unyevu uliochanganyika ndani ya gesi chafu utaganda kwenye ngazi za koldihedi, kwa sababu kwenye kelvini 4 kila kitu kisichokuwa heliamu ni jiwe. Dalili yake ni mlio: koldihedi nzima inapumua kwa mpigo mmoja, kiasi cha mara moja kwa sekunde, ikichafuka inaanza kugonga, mota inateleza, na presha ya tangi inapanda pole pole huku kompresa ikionekana haina tatizo.

Kuongeza gesi ni hivi. Zima kompresa, acha presha ya pande mbili ilingane, pima joto la chumba. Kama chumba kina nyuzi 30, MPa 1.60 ya kibandiko inakuwa kama 1.66, kwa hiyo upungufu wako ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Funga regyuleta kwenye mtungi, unganisha mpira wa kujazia bila kuukaza upande wa kompresa, pitisha gesi itoke kwenye kiungo kilicholegea, funga mtungi, rudia mara 3 au 4 ili hewa na unyevu wa ndani ya mpira vitoke. Kaza wakati gesi bado inatoka. Halafu fungua vali ya kujazia kidogo kidogo mpaka ufike. Ukizidisha, usiachie kwa kasi, mafuta yatapanda kuingia kwenye vichujio.

Viungo vya mabomba vinajifunga vyenyewe ukivifungua, lakini tumia spana mbili, moja ya kushika na moja ya kukaza. Ukitumia moja, bomba litajisokota na utakuwa umeongeza uvujaji wa pili. Pima kwa maji ya sabuni, uyafute yote ukimaliza, hewa yetu ya chumvi inatosha kuleta kutu bila ya kusaidiwa.

Na kichujio cha mkaa ndani ya kompresa kina saa ngapi? Mafuta ya kompresa yanazunguka pamoja na gesi. Kitenganishi kinayakamata mengi na mkaa unakamata ule mvuke uliobaki. Vitabu vingi vinataka kibadilishwe kati ya saa 20,000 na 30,000. Kikipitiliza, mafuta yanakwenda kuganda kwenye koldihedi, na hapo husafishi tena, unanunua nyengine.

Mwanafunzi_Tunguu

Samahani nachomekea. Tumesoma kuwa vichapuzi vya chembe, zile mashine zinazokimbiza chembe ndogo za atomu, navyo vinapozwa kwa heliamu. Hao umeme wao ukikatika wanapoteza kama sisi? Au wana koldihedi kubwa zaidi?

Mpemba_Ughaibuni

Hawana koldihedi hata moja kwenye mstari mkuu. Koldihedi hizi za MRI zinakula kilowati 7 ili zitoe wati 1 au 1 na nusu kwenye kelvini 4.2. Ukizidisha hivyo kwa mashine kubwa hakuna nchi itakayolipa bili. Kichapuzi cha LHC kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kina mzingo wa kilomita 27, heliamu kama tani 120, na mitambo 8 ya kupoza, kila mmoja una uwezo wa kilowati 18 kwenye kelvini 4.5. Huko wati moja ya ubaridi inagharimu takriban wati 250 za umeme. Tofauti hiyo inatokana na ukubwa, na kutumia tabaini zinazozunguka kwenye gesi badala ya pistoni.

Mzunguko wake ni huu. Kompresa za skrubu zilizojaa mafuta zinavuta gesi ikiwa juu kidogo tu ya presha ya hewa, zinaisukuma mpaka baa 15 hadi 20. Gesi inapozwa kwa maji, inapita kwenye vitenganishi vya mafuta kwa hatua, kisha kwenye tangi la mkaa. Halafu inaingia kwenye kasha la baridi: vibadilisha joto vya aluminiamu, tabaini kadhaa, na mwisho vali ya kutanulia. Ndani ya kasha kuna vichujio vya mkaa viwili: cha kelvini 80 kinakamata naitrojeni na oksijeni, cha kelvini 20 kinakamata neoni na haidrojeni. Kile cha 80 hufungwa viwili, kimoja kinafanya kazi na chengine kinapashwa moto kisafishike.

Kwa sumaku za LHC, kelvini 4.5 haitoshi. Wanashuka mpaka 1.9, chini ya 2.17 ambapo heliamu inakuwa kimiminika kisicho na msuguano na kinachopitisha joto kuliko shaba. Ili kufika huko lazima uvute mvuke mpaka milibaa 23 hivi, kwa kompresa za baridi zinazofanya kazi humo humo ndani. Hapo ndipo penye hatari moja ambayo hata MRI inayo: bomba lililo chini ya presha ya hewa halivujishi heliamu nje, linavuta hewa ndani. Huoni upungufu wowote mpaka barafu ya hewa izibe kibadilisha joto. Kwa hiyo Fundi_Fumba, utakapotengeneza chila na koldihedi ikawa na nguvu kupita kiasi, angalia presha ya tangi lako isianguke chini ya presha ya nje. Kuna hita ndogo ndani kwa kazi hiyo, hakikisha inawaka.

Kuhusu umeme: ukikatika, tabaini zinasimama, kimiminika kinaanza kuchemka, lakini mvuke hautupwi juu ya paa. Unarudishwa kwenye matangi ya gesi ya kawaida, kule LHC yapo ya mita za ujazo 250 yenye presha ya baa 20. Kupoteza kunakuja pale kitu kinapopasuka. Tarehe 19 Septemba 2008 kiungo kibaya cha umeme kati ya sumaku mbili kilileta cheche kwenye ampea kama 8,700, cheche ikatoboa ukuta wa heliamu, na zikaenda tani kama 6. Sumaku 53 zilitolewa zikatengenezwa.

Zaidi ya hapo, kinachosimamisha mitambo hiyo kwa siku za kawaida ni kile kile cha Fundi: maji ya kupozea, mafuta yaliyopita kichujio, na unyevu ulioingia siku ya matengenezo. Kabla ya kupoza, mzunguko wote unavutwa hewa chini ya milibaa 1, unajazwa heliamu safi, unavutwa tena, mara 3 kwa uchache, halafu gesi inazungushwa kwenye kisafishi mpaka kipimo kionyeshe unyevu na naitrojeni viko chini ya sehemu moja kwa milioni. Ukiona tofauti ya presha kwenye chujio la mlango wa tabaini inapanda kidogo kila siku, ujue ule usafi uliharakishwa.

Fundi_Fumba

Ahsanteni sana. Namba hizi:

Mita ya saa imetembea 931 kati ya 1,008. Mtiririko wa maji ni lita 4.5 kwa dakika. Yanaingia na nyuzi 24, yanatoka 46. Chujio la maji la mlangoni nimelifungua, limejaa unga mweupe mgumu. Bomba la maji linalokwenda kwenye kompresa linatoa jasho mpaka sakafu imerowa. Kichujio cha mkaa kina saa 17,400. Koldihedi inapumua sawasawa, haigongi.

Waliotangulia walikuwa wakiongeza maji ya chila kwa mpira wa bustani, maji yenyewe ya kisima.

Kipima_Joto

Basi tumemaliza ubishi. Saa 77 za kusimama, na joto la kupanda nyuzi 22 kwa lita 4.5 ndilo hasa linalotakiwa kwa kilowati 7. Vipimo vyako vinasema ukweli.

Ule unga ni chokaa. Visima vingi vya Unguja vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni magumu, na kila yakipata joto yanaacha chokaa mahali penye joto zaidi, yaani kwenye kibadilisha joto cha kompresa. Mwaga maji yote ya mzunguko. Zungusha asidi ya limau, gramu 50 kwa lita, ikiwa vuguvugu, saa 2 au 3, kwa pampu ndogo ya pembeni na kompresa ikiwa imetengwa. Kabla ya hapo angalia kwenye kitabu kama kibadilisha joto chako kinaruhusu asidi hiyo. Suuza mpaka maji yatoke bila uchachu. Kisha jaza maji yaliyotolewa madini pamoja na dawa ya kuzuia kutu anayoitaka mtengenezaji wa chila. Glikoli kwa kinga ya barafu huku kwetu haina kazi, inakupunguzia ubebaji wa joto tu. Tia ikiwa kitabu kinailazimisha. Na ule mpira wa bustani ufungiwe stoo.

Jasho la bomba si uvujaji. Wakati wa kaskazi kiwango cha umande wa hewa yetu mara nyingi kinavuka nyuzi 24, na bomba lolote lenye baridi chini ya hapo litatoa maji. Wako wanaoteremsha chila mpaka nyuzi 10 wakidhani baridi zaidi ni bora zaidi. Weka 18 hadi 20, valisha mabomba sponji yenye vitundu vilivyofungwa, maungio yote yagandishwe kwa gundi, na hakikisha maji hayadondokei kwenye kasha la umeme.

Chila yenyewe: osha mapezi kila wiki kwa maji matamu ya presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje. Mashine ya kuoshea gari inayalaza. Ikiwa zaidi ya robo yanavunjika ukiyagusa, badilisha kondensa na uagize iliyopakwa epoksi. Bora zaidi uihamishie upande wa pili wa jengo, ukuta ukinge upepo wa bahari.

Sasa umeme. Kuzima kwako baada ya umeme kurudi kuna mpangilio huu: kompresa ya heliamu inawaka mara moja, chila ina kuchelewa kwa dakika 3 hadi 5 ili kulinda kompresa yake ya gesi. Kwa dakika hizo unazungusha maji ya moto, au huzungushi kabisa. Kompresa ya heliamu inafika joto la kikomo, inazima, inajifunga, inangoja mtu abonyeze kitufe. Ikitokea Ijumaa usiku, mtu huyo anafika Jumamosi asubuhi au Jumatatu. Saa 77 hazikuja kwa umeme kukatika, zimekuja kwa kungoja.

Funga swichi ya mtiririko kwenye bomba la maji, na rilei ya muda ya dakika 6, kompresa isiwake mpaka zote mbili zikubali. Ongeza rilei ya kulinda fezi: ikipotea moja au zikabadilishana mpangilio baada ya matengenezo ya laini, isiwake. Kompresa ya skroli ikizunguka kinyume inapiga kelele tu na presha za pande mbili hazitofautiani. Pampu ya maji ya chila iende kwenye UPS (betri ya akiba), ni ndogo. Kompresa na chila ziende kwenye jenereta. Na alamu itume ujumbe kwa simu ya mtu wa zamu, ikiwa presha ya tangi imepanda au kompresa imesimama zaidi ya dakika 15.

Kwa dharura ya chila kufa kabisa, tangi la lita 2,000 lililo kivulini au chini ya ardhi linakupa saa 4 kwa lita 8 kwa dakika, maji yakimwagwa. Tangi la juu ya paa halifai, mchana maji yake yanazidi nyuzi 28 ambazo ndizo kikomo cha kompresa nyingi. Wenye kumbukumbu ya Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima bila umeme wa waya wa baharini, hawatauliza kwa nini jenereta ipangiwe mafuta ya wiki badala ya siku.

Fundi_Fumba

Nimekuelewa, sheikh. Na heliamu je? Asilimia 71 niiache? Na ikibidi kuagiza, mtungi unavukaje kutoka Dar?

Bi_Kelvini

Iache kwanza. Tengeneza maji, funga rilei, soma kiwango kila siku saa ile ile kwa wiki 4. Kikitulia na kiko juu ya kikomo cha mtengenezaji, huna sababu ya kufungua tangi. Kila kujaza ni nafasi ya hewa kuingia shingoni, na robo ya kimiminika au zaidi inakwenda mvuke katika kupoza bomba la kuhamishia. Heliamu ya Rukwa iliyotangazwa 2016 isikupe haraka, hiyo ni gesi ya ardhini. Wewe unataka kimiminika, na kinasafiri kutoka mbali kikipungua kama asilimia 1 kwa siku ndani ya mtungi wa Dewar, ule wenye kuta mbili kama chupa ya chai.

Ikibidi, mtungi usafiri umesimama wima, kwenye sitaha ya wazi ya meli ya mizigo. Usiteremshwe kwenye ngama iliyofungwa wala usipandishwe lifti pamoja na watu. Lita 1 ya kimiminika ni kama lita 750 za gesi, na inamfukuza mtu oksijeni bila harufu. Vali ya kupumulia ya presha ndogo iwe wazi njia nzima. Ukiikuta imefungwa bandarini Malindi hapa Unguja, usiipokee mpaka presha isomwe mbele yako.

Siku ya kujaza: kipimo cha oksijeni chumbani na alamu kwenye asilimia 19.5, glavu pana za baridi zinazovulika haraka, miwani. Presha ya mtungi baa 0.15 hadi 0.2, isizidi. Bomba la kuhamishia lipozwe nje kwanza mpaka ncha yake itoe ndimi ya mvuke mweupe uliotulia, ndipo uliingize kwenye sumaku. Ukiliingiza la moto, gesi ya moto inapiga kwenye koili na sumaku inaweza kukwenchi (kupoteza ubaridi ghafla na kuchemsha heliamu yake) mbele ya macho yako, halafu utaagiza lita 1,500 badala ya 250.

Na kabla ya yote hayo, panda juu ya paa uangalie mdomo wa bomba la kwenchi. Uelekee chini ili mvua ya masika isiingie, uwe na wavu wa matundu makubwa usiozuia gesi, na pasiwe na dirisha wala kiingizio cha hewa karibu. Kunguru wanapenda sana pale, wanajengea kwa vipande vya waya, na tundu lililozibwa hivyo linairudisha gesi yote ndani ya chumba cha mgonjwa. Ukaguzi huo usiungoje siku ya kujaza, fanya wiki hii.